Diski ya kwanza si kila mara njo ya kweli
(Juu ya matoleo ya «Ellington at Newport» na wale wanaoyakusanya)

Ndugu wasomaji, katika vitabu vidogo sawa hiki tumezoea kusoma juu ya ndoa, matanga, ngoma za mavuno na majina ya watoto. Wengine watashangaa kuona tunaingiza hapa diski ya jazz ya Waamerika. Tunawaomba uvumilivu. Mapokeo ni nini? Ni kitu kinachotoka kwa mmoja kikafika kwa mwingine, na njiani mikono mingi inakigusa. Zamani njia ilikuwa mdomo na sikio. Leo kuko njia nyingine tena: mashini inayoshika sauti. Basi tunauliza hivi: mashini ikiisha kushika sauti, na diski ikitolewa mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tano, ni ipi inayotuletea kile kilichotokea kweli?

Tena neno jazz si geni kwetu. African Jazz ya Grand Kallé ilianza Léopoldville mwaka 1953, na OK Jazz ilianza kule kule mwezi wa Juni 1956. Muziki wao ulikuwa rumba, lakini jina waliliazima kwa Waamerika weusi, juu jina lile lilikuwa na heshima. Mwisho wa mwaka 1960 Louis Armstrong mwenyewe alikuja kupiga tarumbeta Léopoldville na Elisabethville. Basi tukichunguza diski moja ya jazz, hatutoki mbali sana na nyumbani.

Diski tuliyochagua ni ya Duke Ellington na orkestra yake. Ilishikwa mwezi mmoja tu kisha OK Jazz kuanza. Wakusanyaji wanaitafuta sana, wa Amerika, wa Ulaya, wa Japani, na hata wachache wa kwetu. Na wengi wanaitafuta kwa wazo moja, ambalo mwenzetu mmoja mwenye diski nyingi alitueleza waziwazi: «Mwalimu, ya kwanza njo ya kweli. Zile zingine ni kopi tu.» Wazo hili linaonekana lina akili. Tutaonyesha kama, kwa diski hii, linadanganya.

1. Usiku wa 7 Julai 1956

Newport ni mji mdogo wa pwani katika jimbo la Rhode Island, Marekani. Tangu mwaka 1954 George Wein alikuwa akipanga pale sikukuu ya jazz kila wakati wa joto, na mwaka 1956 ilikuwa ni mara ya tatu. Ellington alikuwa na miaka 57. Jina lake lilikuwa kubwa, lakini kazi ilikuwa imepungua. Orkestra kubwa zilikuwa zinakufa moja kisha nyingine, juu kulipa watu kumi na tano kila juma ni mzigo, na vijana walikuwa wanafuata muziki mwingine. Johnny Hodges, saksofoni yake ya thamani, alikuwa amemwacha mwaka 1951, akarudi mwaka 1955.

Usiku ule orkestra ilipanda mapema, ikapiga nyimbo chache tu, wapigaji wengine wakikosa, kisha ikashuka na kungojea vikundi vingine vipige. Ilirudi karibu na saa sita ya usiku, wakati watu walianza kufikiri juu ya njia ya kurudi nyumbani. Wakapiga kwanza kazi mpya ya sehemu tatu, ambayo Ellington na Billy Strayhorn walikuwa wameitunga juu ya sikukuu ile. Watu wakapiga makofi ya adabu.

Kisha Ellington akaita kazi ya zamani, «Diminuendo and Crescendo in Blue», aliyoitunga mwaka 1937. Ni vipande viwili: cha kwanza kinashuka, cha pili kinapanda. Katikati kuko nafasi ya mtu mmoja kupiga peke yake, na nafasi ile ilikuwa ya Paul Gonsalves, saksofoni tenor, mzaliwa wa Amerika mwenye wazazi wa Cap-Vert. Gonsalves akaingia. Akapiga duru moja, mbili, tano, kumi, na hakutoka. Alipiga duru 27. Kila duru ya blues ina vipimo 12. Fanyeni hesabu, ni vipimo 324 bila kupumzika, na nyuma yake kuko piano ya Ellington, besi ya Jimmy Woode na ngoma za Sam Woodyard tu.

Mwanamke mmoja mwenye nguo nyeusi akasimama, akaanza kucheza. Watu wakasimama juu ya viti. Jo Jones, mpiga ngoma maarufu wa Count Basie, alikuwa amekaa kando ya jukwaa, akipiga pigo kwa gazeti lililokunjwa ili kuwatia moyo. Wapangaji waliogopa fujo, wakataka muziki ukatike. Ellington akaona heri aendelee, awatulize watu kwa nyimbo zingine. Tarehe 20 Agosti mwaka ule ule uso wake ulikuwa kwenye jalada la gazeti Time. Kisha hapo alipenda kusema kama yeye alizaliwa Newport mwaka 1956, ingawa kila mtu alijua ni mzaliwa wa Washington wa mwaka 1899.

Hiyo njo hadithi. Sasa tuangalie diski.

2. Kilichofanyika siku ya Jumatatu

Kampuni Columbia ilituma mafundi wake Newport, chini ya uongozi wa George Avakian. Lakini hawakuwa peke yao. Radio ya serikali ya Amerika, Voice of America, nayo ilikuwa pale na mikro zake, juu ilikuwa inapeleka jazz kwa inchi za kigeni. Basi mbele ya jukwaa kulikuwa mikro za wenyeji wawili. Gonsalves, mtu aliyefunga macho akiingia mu muziki, alisimama mbele ya mikro isiyo yake: alipigia mikro ya Voice of America. Matokeo yake ni kama kanda ya Columbia ilishika duru 27 kwa mbali, sawa vile mtu anayeimba katika chumba cha pili na mlango umefungwa nusu.

Kuko tena jambo la pili. Ile kazi mpya ya sehemu tatu, orkestra haikuwa imeizoea vya kutosha, na makosa yalisikika. Siku ya Jumatatu, 9 Julai, Ellington na watu wake waliingia studio ya Columbia kule New York, wakapiga upya sehemu kubwa ya muziki ule. Mafundi wakabandika juu yake makofi na kelele za watu, ili ionekane ni Newport. Katika diski iliyotoka mwaka ule, upande wa kwanza ni ile kazi mpya. Upande wa pili ni «Jeep's Blues» ya Hodges, kisha duru 27. Mtu aliyeinunua aliamini anasikia usiku mmoja. Kumbe alisikia usiku mmoja na mchana mmoja vilivyoshonwa pamoja.

Tusikimbilie kuita jambo hili uongo. Avakian alikuwa mtu wa kazi, na diski ilipaswa kupendeza. Ellington naye alitaka kazi yake mpya isikike safi. Lakini jina kwenye jalada lilisema Newport, na makofi yalisema Newport. Msikilizaji hakuwa na njia ya kujua.

3. Matoleo, moja kwa moja

Mkusanyaji wa diski anafanya kazi sawa na ile ya mwalimu wa historia: anaweka ushuhuda mmoja kando ya mwingine. Tufanye vile.

(a) Diski ya mwaka 1956, namba CL 934. Ni mono, maana sauti yote inatoka sawa kila upande. Mkusanyaji anaitambua kwa karatasi nyekundu ya katikati yenye alama sita ndogo sawa macho, tatu kushoto na tatu kuume. Kisha anainamisha diski kwenye mwanga na kusoma namba zilizokwaruzwa karibu na karatasi ile, juu namba zile zinaonyesha ni kutoka bamba gani diski ilikandamizwa. Wenye kupenda mambo haya wanalipa bei kali ili wapate namba ya chini kabisa. Sauti yake ina joto na nguvu. Lakini, tulivyoona, njo hii hii yenye mkono mwingi zaidi wa studio.

(b) Mu miaka ya 1960, kila mtu alitaka stereo. Columbia ikachukua kanda ile ile ya mono, ikaigeuza kwa ujanja wa umeme ili iitwe stereo, ikaiuza tena. Sikio linachoka haraka: piano inatangatanga, ngoma zina mwangwi usio wa Newport wala wa New York. Hii ni kubandika juu ya kubandika. Sisi hatuoni sababu ya kuinunua, isipokuwa kwa kufundisha wanafunzi namna kitu kinavyoharibika.

(c) Mu miaka ya 1980 diski ilirudi katika mfululizo ulioitwa Columbia Jazz Masterpieces, kwa vinili, kaseti na CD. Sauti ilisafishwa kwa mashini za namba. Ni safi, bei yake si kali, na kwa mtu anayeanza inatosha. Lakini maandishi yake ya ndani ni yale yale: usiku na mchana vilivyoshonwa.

(d) Mwaka 1996 kanda ya Voice of America ilipatikana katika hifadhi huko Amerika. Ile mikro isiyo yake, ambayo Gonsalves alipigia, ilikuwa imeshika kila kitu kwa karibu. Phil Schaap, mtu aliyejua jazz mpaka mifupani, akaweka kanda zile mbili pamoja: ya Columbia upande mmoja, ya Voice of America upande mwingine. Kazi ilikuwa ngumu, juu mashini mbili za kanda hazizunguki kwa mwendo mmoja kamili, na tofauti ndogo sana inatosha kuvuruga yote. Mwaka 1999, miaka mia moja tangu kuzaliwa kwa Ellington, usiku mzima ukatoka katika CD mbili. Na nyimbo za studio za siku ya Jumatatu zimewekwa pia, lakini mbali, kila moja na jina lake.

(e) Kisha kuko diski mpya za vinili. Katika Umoja wa Ulaya, rekodi zilizotolewa mbele ya mwaka 1963 zimekuwa mali ya wote, basi kampuni yoyote ndogo inaweza kutoa upya diski ya mwaka 1956 bila kuuliza Columbia. Jalada linang'aa, na kibandiko kinasema «gramu 180». Gramu zinatuambia uzito wa plastiki. Hazituambii muziki ulitoka kanda gani. Diski nzito inaweza kuwa imechukuliwa kutoka CD, na mnunuzi asijue.

4. Hukumu yetu

Tukirudi kwa yule mwenzetu, tunaona wapi wazo lake linavunjika. Aliposema «ya kwanza njo ya kweli», alichanganya mambo mawili: kitu cha kwanza kutoka, na kitu kilicho karibu zaidi na tukio. Mara nyingi mambo haya mawili yanakwenda pamoja. Hapa yameachana. Diski ya macho sita ni ya kwanza kutoka, lakini kama shahidi wa usiku ule inakuja nyuma ya CD ya mwaka 1999, iliyotoka miaka 43 kisha. Na ni mchezo mchungu kidogo: wakusanyaji wengi hawataki CD hata kuigusa, juu kwao plastiki ile ndogo haina roho. Basi wanalipa bei ya mbuzi kwa ajili ya shahidi aliyepangwa, na shahidi aliyesema karibu yote wanampita sokoni.

Hata hivyo hatusemi diski ya mwaka 1956 itupwe. Kwanza, imekuwa yenyewe tukio. Watu wa mwaka 1956 hawakununua usiku wa Newport; walinunua diski hii, na njo iliyomrudishia Ellington soko. Hakuna diski yake nyingine iliyouzwa kuipita. Anayetaka kujua Amerika ilisikia nini wakati ule ataisikiliza hii, na afanye vizuri. Pili, kuna jambo moja ambalo sisi tunalisikia ndani yake zaidi kuliko ndani ya CD. Kwa kuwa saksofoni iko mbali, watu wako karibu. Unasikia umati ukikua duru kwa duru, sawa vile maji yanapopanda mtoni, na saksofoni inazama na kuibuka ndani yake. Katika CD, Gonsalves yuko mbele yako, kila pumzi yake inasikika, na unafuata wazo lake tangu duru ya kwanza mpaka ya mwisho. Ni faida kubwa. Lakini yule aliyekaa kwenye kiti cha nyuma kule Newport labda alisikia zaidi sawa na diski ya kale.

Tuseme pia neno juu ya CD yenyewe, ili tusije tukamfanya Schaap mtakatifu. Ile stereo yake haikusikika na mtu yeyote usiku ule. Ni kanda mbili za mono, zilizoshikwa na mafundi wawili kwa kazi mbili, zikalazimishwa kutembea pamoja. Ni ufundi wa mkono wa mtu, sawa na makofi ya Avakian. Basi tofauti iko wapi?

Kwetu sisi tofauti iko hapa: kazi ya mwaka 1999 inajieleza. Inasema kanda ya kwanza ilitoka huku, ya pili huku, nyimbo hizi ni za Jumamosi, hizi ni za Jumatatu. Msikilizaji akitaka kubisha, ana vyombo vya kubishia. Kazi ya mwaka 1956 ilificha mshono wake. Hatumlaumu fundi juu ya kushona. Hakuna nguo bila mshono. Tunamlaumu juu ya kutuambia kama nguo haikushonwa.

Njo maana shauri letu kwa mkusanyaji ni fupi. Mbele ya kuuliza «ni toleo la ngapi?», uliza: limetoka kanda gani? Nani alilikata na kuliunga? Jalada linakubali kusema? Diski isiyojibu hata moja, iache, hata ikiwa na gramu mia tano.

5. Na sisi je?

Kwa nini kusema haya katika kitabu cha mapokeo? Kwa sababu sisi pia tuna sauti zilizoshikwa, na tunaendelea kushika zingine.

Mwaka 1952 Hugh Tracey alifika Jadotville, ambayo ni Likasi ya leo, akamshika Jean Bosco Mwenda na gitaa lake, na wimbo «Masanga» ukasafiri dunia nzima. Tunajivunia, na ni haki. Lakini tukumbuke: diski ya wakati ule ilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulimeza kama dakika tatu tu. Gitaa la Katanga kwenye bar au mbele ya nyumba halikuwa na dakika tatu. Lilikwenda mpaka watu wachoke. Kijana wa leo anayejifunza «Masanga» kwa kusikiliza toleo jipya anadhani urefu ule ni wa wimbo. Kumbe ni urefu wa diski. Hakuna aliyemdanganya, ila hakuna aliyemwambia.

Na leo kila mtu ana simu inayoshika sauti. Tunakwenda kwa mama mzee anayejua nyimbo za matanga, za kupeleka bibi-arusi, za kubembeleza mtoto. Tukirudi mjini, tunakata kikohozi, tunakata pale aliposahau na mjukuu akamkumbusha, tunakata wanawake wanaoitikia bila mpango, kisha tunaongeza kinanda ili ipendeze. Kinachobaki ni kizuri. Kinapita radioni, watu wanafurahi. Lakini pale mjukuu alipomkumbusha bibi, mapokeo yalikuwa yanapita mbele ya macho yetu kutoka mmoja kwenda mwingine, na sisi tumeyafuta kama uchafu.

Newport ilikuwa na bahati. Watu wawili walishika usiku mmoja, na kanda ya pili ilikaa miaka 40 mahali pakavu, ikingojea. Kwetu, bibi akishikwa mara moja na simu ile ikaibiwa ama ikafutwa ili kupata nafasi ya picha, hakuna Voice of America itakayotuletea mwingine.

Tunapendekeza basi kwa wanamemba wa chama chetu jambo dogo, lisilodai makuta mengi. Kila sauti ya mzee tunayoshika ihifadhiwe nzima, pamoja na vikohozi vyake, mahali pawili tofauti. Na kwenye kila kopi tunayokata ili ipendeze, tuandike mistari minne: siku na mahali, nani aliimba na nani aliitika, nani alikata na alikata nini, na ile nzima iko kwa nani. Kalamu na karatasi zinatosha. Mtu wa mwaka 2060 atakayetaka kujua tuliimba namna gani atakuwa na pa kuanzia, na akiona tulikosea, ataweza kusahihisha.